Filamu ya mapigano yenye stori mbovu: uitazame au uipite?

Mdogo wangu wa mwisho nimemfanya mizani. Tukikaa kutazama filamu ya mapigano, nahesabu kimyakimya ni mara ngapi ataniuliza, "Kaka, na huyu naye katoka wapi?" Mara moja au mbili, stori iko salama. Zikifika kumi, msuko umeoza. Mizani hii ina kasoro moja tu: hainiambii kama filamu ilistahili kutazamwa. Ipo aliyoiuliza maswali kumi na mawili, kisha akairudisha mwanzo na kuitazama upya usiku uleule. Na ipo ambayo hakuuliza lolote, nikageuka nikamkuta amezama kwenye simu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama filamu fulani ya mapigano inafaa ilhali "haina stori", simjibu haraka. Nataka kwanza kujua stori hiyo imeharibikaje, na katika kuharibika kwake imekula nini. Hapa chini nimeziweka filamu mbilimbili, ili anayetaka kuchagua aone zinapoachana.

Wepesi si ubovu

Stori nyepesi unaimaliza kwa pumzi moja. Polisi wanaingia kwenye jengo la ghorofa linaloshikiliwa na muuza dawa za kulevya, mambo yanawaharibikia, walionusurika wanatafuta njia ya kutokea: hiyo ndiyo The Raid ya Indonesia, ya mwaka 2011, hakuna zaidi. Muuaji aliyestaafu ameachiwa mbwa mdogo na mkewe aliyefariki, wahuni wanamuua mbwa na kuiba gari, jamaa anarudi kazini: hiyo ni John Wick ya 2014. Zote mbili ni za dakika 101. Ukizisimulia zinachekesha, ukizitazama hucheki.

Stori mbovu ni jambo jingine. Hiyo hata upewe nusu saa huimalizi, maana kila sentensi ya tatu unakwama kwenye "sasa hapo sikuelewa, lakini..." Adui anabadilika katikati. Stelingi alikuwa analipiza kisasi, mara anaokoa dunia, mara anatafuta kifaa ambacho saa nzima hakikuwahi kutajwa. Mzee mwenye koti refu anaingia, anahutubia dakika nne juu ya mambo ya miaka ishirini iliyopita, anapigwa risasi, hatajwi tena.

Mimi naiona stori ya filamu ya mapigano kama uzi, na mapigano yenyewe ndiyo shanga. Uzi mwembamba unatosha. Hakuna anayevaa shanga ili aonyeshe uzi. Uzi ukikatika, shanga zinatapakaa sakafuni, na hata ziwe nzuri vipi utaziokota mojamoja. Halafu liko kosa la tatu ambalo halisemwi sana: uzi uliosokotwa mnene hadi haupiti kwenye tundu la ushanga. Filamu nyingi kubwa za siku hizi zinakufa kwa hilo, wala si kwa wepesi.

Chukua Commando ya 1985, ile ya Arnold Schwarzenegger. Binti wa komandoo mstaafu ametekwa. Baba anapandishwa ndege akamuue rais wa nchi moja ya kubuni, naye anachoropoka ndege inaporuka, na tangu hapo ana saa 11 kabla haijatua na watekaji kugundua kwamba hayumo. Maadui wanafyatua risasi kama watu waliofungwa vitambaa machoni. Kuna gari la njano, Porsche, linaloharibiwa ubavu mzima kwenye kufukuzana, na muda mfupi baadaye stelingi anaondoka nalo likiwa zima, linang'aa. Niliiona mara tatu kabla sijaligundua gari hilo, na nilipoligundua nilifurahi badala ya kukasirika. Saa inakwenda, mtoto yuko kule, na kila anayeanguka amesogeza baba hatua moja. Kila ngumi ina anwani.

Hapo ndipo kipimo changu cha kweli kilipo. Wakati wa pambano lolote, je, najua huyu anataka nini na nini kitatokea akishindwa? Nikijua, sihitaji zaidi. Nisipojua, hata walipue mji mzima nitakuwa natazama moto tu.

The Raid na The Raid 2

Jozi hii naipenda kuliko zote kwa sababu ni karibu jaribio la maabara. Mwongozaji ni yuleyule, Gareth Evans, mtu wa Wales aliyekwenda kufanyia kazi Indonesia. Stelingi ni yuleyule, Iko Uwais, na mchezo ni uleule, pencak silat, mapigano ya jadi ya Indonesia. Evans alikuwa ameandika kwanza filamu kubwa ya wahalifu iliyoitwa Berandal, fedha zikakosekana, ndipo akaandika kitu cha gharama ndogo kinachotokea ndani ya jengo moja. Hicho kidogo kikampatia jina duniani. Kisha akalirudia andiko lake la zamani, akaligeuza kuwa sehemu ya pili, ikatoka mwaka 2014.

Ya kwanza, dakika 101. Ya pili, dakika 150. Ya kwanza ina jengo na mlango wa kutokea. Ya pili ina polisi anayeingizwa gerezani ili ajipendekeze kwa mtoto wa bosi wa wahalifu, kisha familia hasimu, kisha kundi la Wajapani, kisha polisi wala rushwa, kisha mtoto anayemwonea gere baba yake, kisha muuaji mzee mwenye mkewe ambaye ana stori yake peke yake. Hakuna kibovu kati ya hayo, kila kimoja kingeweza kuwa filamu. Ila vikipangwa foleni, unajikuta unahesabu vichwa badala ya kutazama mikono.

Na mikono yenyewe? Hapa lazima niseme ukweli: mapigano ya sehemu ya pili ni bora zaidi. Lile la jikoni karibu na mwisho, watu wawili tu, sijaona linalolipita kwa urahisi. Pale wapigaji wanachoka mbele ya macho yako. Vuta nikuvute ya gereza ndani ya matope nayo haisahauliki.

Sasa uchague ipi? Nimeitazama ya kwanza nzima mara nyingi, na ya pili nzima mara mbili tu. Siku nyingine zote nimeiendea kwa vipande. Hiyo inatosha kuonyesha uzi mnene unavyofanya kazi yake. Kama una jioni moja na hujawahi kuona yoyote, anza na jengo. Kama tayari unaipenda kazi ya Uwais, ya pili ni lazima, na usione haya kusogeza mbele mazungumzo. Najua kuna watu wanaona hilo ni kufuru. Watu haohao husogeza mbele nyimbo kwenye filamu za Kihindi, kwa hiyo tusisumbuane.

Taken na Taken 3

Jozi ya pili ina sura moja, Liam Neeson, na haina haja ya maelezo marefu. Katika Taken ya 2008 binti ametekwa Paris na baba ana saa 96 hivi kabla hajapotea moja kwa moja. Stori haina akili sana. Baba anapindua nusu ya jiji na hakuna anayemkamata. Lakini tunajua anakwenda wapi na kwa nini anakimbia.

Sehemu ya tatu, iliyotoka mwishoni mwa 2014, inamtwika baba tuhuma za kumuua mama wa binti huyo, inaleta polisi wa kumfukuza, mume mpya wa marehemu, genge la Warusi na deni. Hadi hapo ni stori mbovu ya kawaida. Kilichoizika ni uhariri. Kuna sehemu maarufu ambapo Neeson anaruka uzio wa waya. Kitendo chote ni sekunde 6 hivi, na kimekatwakatwa vipande zaidi ya kumi: mkono, mguu, uzio, uso, mguu tena. Mtu karuka uzio, na wewe hukumwona akiruka.

Mikato ya namna hiyo mara nyingi ni pazia. Inaficha mpangilio mbaya, au ukweli kwamba anayeruka si mwigizaji bali mtu wa stanti aliyevalishwa nguo zake, au kwamba hakuna aliyepewa muda wa kufanya mazoezi. Mdogo wangu hakuniuliza kitu kwenye filamu hii. Hii ndiyo ile ya simu.

Wengine husema basi tatizo ni kasi, filamu za zamani zilikuwa na utulivu. Si kweli. Mad Max: Fury Road ya 2015 ina mikato kama 2,700 ndani ya saa mbili, na ilimpa mhariri wake Margaret Sixel tuzo ya Oscar. Alikuwa na saa kama 480 za picha ghafi za kuchambua. Siri mojawapo ni kwamba mwongozaji George Miller alihakikisha kile unachotakiwa kukiona kiko katikati ya fremu, mkato baada ya mkato, kwa hiyo jicho halihangaiki kutafuta. Unapelekwa mbio, lakini hupotei.

Kwa upande wa pili wako wanaorudisha kamera nyuma na kukuachia uone mwili mzima. Jackie Chan katika Police Story ya 1985 anateleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya jumba la maduka, anavunja paa la vioo na kuangukia chini. Alibabuka mikono na kuumia mgongo. Tukio hilo linaonyeshwa zaidi ya mara moja kutoka pembe tofauti, kama mtu anayekuambia: tazama tena, ni mimi. Stori ya filamu hiyo inayumba kati ya upelelezi na vichekesho vya kurushiana keki, na kuna dakika ishirini za katikati ambazo mimi huenda kuchemsha maji. Sijawahi kufikiria kuiacha.

Ukilinganisha hivyo, kitu kimoja kinajitokeza. Stori mbovu yenye mapigano yanayoonekana bado ni filamu. Stori mbovu yenye mapigano yasiyoonekana imebaki kelele, na ngoma ikilia sana hupasuka.

Tundu la "vipi" na tundu la "kwa nini"

Kabla hujaitupa filamu kwa sababu mtandaoni wamekuorodheshea makosa yake, angalia makosa hayo ni ya aina gani.

Die Hard ya 1988 husifiwa kwa msuko wake, na inastahili. Hata hivyo majambazi wanafika na lori, tunawaona wakitoka ndani yake wamejaa, na mwishoni lori hilohilo linatoa gari la wagonjwa ambalo lingekuwa limekaa pale walipokuwa wao. Mpango wao wa kutoroka ulibuniwa wakati upigaji picha ulikwisha kuanza, kwa hiyo mwanzo haukujua habari za mwisho. Mamilioni ya watu wametazama bila kuliona. Alfred Hitchcock aliwahi kuzungumzia makosa ya aina hii, yale yanayokujia ukiwa umesharudi nyumbani na umefungua friji. Kama limengoja hadi friji, halikukuharibia kitu.

Hilo ni tundu la "vipi": limefanyikaje, limepitaje, kwa nini risasi haziishi. Skyfall ya 2012 imejaa ya namna hiyo. Adui anajiachia akamatwe ili atoroke, na kutoroka kwenyewe kunategemea hadi treni itakayopita wakati uleule. Hakuna binadamu anayeweza kupanga hivyo. Lakini shabaha yake haibadiliki, anamtaka mwanamke mmoja aliyemsaliti, na kila tukio la filamu linalokwenda kwenye shabaha hiyo linashika.

Tundu la "kwa nini" ndilo linaloua. Hapo si kwamba hujui mtu kafikaje, hujui kaja kutafuta nini. Akipigwa humhurumii, akishinda hushangilii. Hata mpango wa adui ukiwa na mantiki ya benki, kama hujui stelingi anapoteza nini, unabaki unatazama watu wazima wakigombana.

Mbili zilizozaliwa katika mgomo

Tarehe 5 Novemba 2007 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waliweka kalamu chini, na mgomo haukuisha hadi 12 Februari 2008. Filamu mbili kubwa zilinaswa katikati. Quantum of Solace, filamu ya James Bond, ilikuwa na skripti isiyokamilika, na stelingi wake Daniel Craig mwenyewe alieleza baadaye jinsi yeye na mwongozaji Marc Forster walivyolazimika kuandikaandika matukio wao wenyewe. Transformers: Revenge of the Fallen ya Michael Bay nayo ilitengenezwa kwa maandalizi yaliyokatizwa na mgomo huohuo.

Zote mbili zina stori mbovu, tena mbovu kwa sababu moja. Ukiziweka pamoja ndipo unaona kwamba ubovu unabebeka au haubebeki. Quantum of Solace ni dakika 106. Nusu ya mbio za magari za mwanzo huzioni vizuri, na mpango wa adui kuhusu maji ya Bolivia unakuja kama taarifa ya kamati. Lakini kuna tukio la jukwaa linaloelea huko Bregenz, Austria, opera ya Tosca inaendelea na maadui wanafanya kikao chao hadharani kwa vinasa sauti masikioni, na kwa dakika chache filamu inakuwa nzuri kupita nyingi zenye stori iliyonyooka. Zaidi ya hapo, mtu mmoja ana huzuni moja kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kwa nini" haijatoboka.

Revenge of the Fallen ni dakika 150. Roboti wanapigana na roboti wengine, vipande vya chuma vinavyozunguka kiasi kwamba sijui ngumi ya nani imempata nani. Kuna vitu vya kale, kuna piramidi, kuna ufunguo, kuna mtu anakufa na kufufuka. Ilipata tuzo ya mzaha ya Razzie kama filamu mbaya ya mwaka, na ilipata pia zaidi ya dola milioni 800 duniani, jambo linaloonyesha kwamba watu waliolipa hawakuwa wanalipia stori. Sina ugomvi nao. Kwenye skrini kubwa yenye sauti nzito, katika umri wa miaka kumi na tatu, pengine ni kitu. Kwenye televisheni ya kawaida ni saa mbili na nusu za kusubiri iishe.

Ukilazimika kuchagua moja usiku huu, chukua ya James Bond. Ni fupi, na ufupi ni huruma ambayo filamu mbovu inaweza kukufanyia.

Mbovu ninayoitetea

The Villainess ya Korea Kusini, 2017. Hii ndiyo ya maswali kumi na mawili.

Inaanza tukiwa ndani ya macho ya muuaji. Hatumwoni, tunaona mikono yake, bastola, kisu, korido inayojaa watu na kumwagika, ngazi, korido nyingine. Inaendelea dakika baada ya dakika hadi anabamizwa kwenye kioo, na hapo kamera inatoka nje ya kichwa chake na kwa mara ya kwanza tunamwona ni mwanamke. Sijui nimeirudia mara ngapi sekunde ile ya kioo.

Baada ya hapo stori inaanza, na inaanza vibaya. Alilelewa na muuaji, halafu akaolewa, halafu idara ya siri ikamchukua, ikambadilisha sura, ikampa nyumba na kazi ya uigizaji wa jukwaani, jirani yake ni mpelelezi anayejifanya si mpelelezi, naye anampenda kweli, na kati ya hayo tunarudishwa utotoni, tunaletwa sasa, tunarudishwa miaka mitano, hakuna anayetuambia ni lini. "Kaka, huyu si alikufa?" Alikufa. "Sasa?" Tulia utaona. Hakuona, na mimi sikuona.

Kisha wanapanda pikipiki na kupigana kwa mapanga ndani ya handaki la barabara, kamera ikipita chini ya magurudumu na kuibukia upande wa pili, na maswali yote yanakufa. John Wick ya tatu, ya 2019, ilitoa heshima kwa tukio hilo kwa pambano lake lenyewe la mapanga juu ya pikipiki. Filamu yenye stori iliyovurugika hivyo imewafundisha kazi mafundi wa filamu iliyo na fedha mara nyingi zaidi yake.

Ndiyo sababu simwelewi mtu anayesema, "Kwa nini nipoteze muda na mbovu wakati nzuri zipo?" Nzuri zipo kweli. Fury Road ni safari ya kwenda na kurudi tu, na imekamilika. The General ya Buster Keaton, ya mwaka 1926, nayo ni treni inayokwenda na treni inayorudi, na garimoshi halisi linaangushwa kutoka kwenye daraja linaloungua. Kama hujaona hizo, acha kusoma hapa. Lakini ufundi wa mapigano haukukaa kwenye filamu nzuri peke yake. Umekulia kwenye mbovu kwa miaka mingi, kwa watu wa stanti ambao majina yao yanapita mwishoni wakati taa zimeshawashwa. Chuo cha Oscar chenyewe kimekubali mwaka 2025 tu kuanzisha tuzo ya ubunifu wa stanti, na ya kwanza itatolewa 2028 kwa filamu za 2027. Ukichagua kwa stori peke yake, unapima kazi ya fundi seremala kwa rangi ya ukuta.

Namna ninavyochagua

Jina la mwongozaji naliangalia kabla ya nyota za wahakiki. Chad Stahelski alikuwa ndiye anayeumia badala ya Keanu Reeves katika The Matrix ya 1999, kisha akaja kumwongoza katika John Wick. Sam Hargrave, mwongozaji wa Extraction ya 2020, alitoka kwenye stanti pia, na kwa ajili ya tukio refu la filamu hiyo alijifunga mbele ya gari akiwa ameshika kamera yeye mwenyewe. Stori ya Extraction naweza kuiandika kwenye kiganja. Mtu aliyewahi kuanguka kwa mshahara haoni sababu ya kukuficha anayeanguka.

Urefu nautazama pili. Stori mbovu ya dakika 95 nitaipa nafasi karibu kila mara. Ikivuka saa mbili, nataka sababu. John Wick ya nne, ya 2023, ina dakika 169, na uzi wake umenenepa kwa mabaraza, nishani na viapo. Nilivumilia kwa sababu nilimwamini fundi, na ngazi za Paris mwishoni zikanilipa. Kwa fundi nisiyemjua nisingefika huko.

Trela inasaidia kuliko watu wanavyodhani, ila uizime sauti. Bila muziki na bila ile sauti nzito, angalia kama unaona mtu mmoja anapiga na mwingine anapigwa ndani ya picha moja. Ukiona tu nyuso zinazokunjwa, mioto na magari yanayopinduka, na hata mara moja hukuona pigo likitoka na kufika, basi hata mtengenezaji wa trela hakulipata.

Na unatazama na nani? Peke yako usiku, stori mbovu inachosha haraka, kwa kuwa hakuna wa kucheka naye. Mkiwa wanne, ubovu uleule unakuwa chakula cha mazungumzo. Who Killed Captain Alex? ya Uganda, ya 2010, imelijua hilo tangu mwanzo. Ina msimulizi, VJ Emmie, anayezungumza juu ya filamu nzima, akiwasifia makomandoo, akiwatania waigizaji, akitangaza kwamba mambo yanakaribia kuiva. Stori haina majibu, hata lile swali la kwenye jina halijibiwi. Kuitazama kimya ni kuikosea.

Usiku tulipomaliza The Raid, ile ya kwanza, mdogo wangu hakuwa ameuliza swali hata moja, na simu ilikuwa juu ya meza. Majina yalipoanza kupanda ndipo alipofungua mdomo.

"Kaka, ina sehemu ya pili?"

"Ipo. Dakika 150."

"Mapigano yake?"

"Kuliko haya."

"Na maneno?"

"Mengi."

Akafikiri kidogo, akajinyoosha kwenye kochi. "Basi iwashe. Mapigano yakianza utaniamsha."